Vyumba viwili, watu watano, choo kimoja: mlipuko wa ugonjwa ukija tunajipangaje?

funguo_mbili (mleta mada)

Habari zenu wadau. Naomba mawazo, na naomba msinicheke.

Juzi mtoto wetu mdogo alishikwa na joto, mke wangu akanituma kipimajoto. Nimekitafuta mpaka nikakikuta kwenye droo ya makorokoro, chini ya chaja mbovu na funguo za milango ambayo hatuna. Nakibonyeza, kimya. Nafungua nyuma: betri imetoa ukurutu mweupe, imekufa zamani. Ikabidi tumpime mtoto kwa kiganja. Alikuwa na mafua ya kawaida, kesho yake anacheza. Mimi ndiye sikulala.

Hii ni nyumba iliyopitia 2020. Tulijifungia, tulinawa mpaka mikono ikababuka, tukaapiana kwamba hatutakutwa tena mikono mitupu. Sasa hivi barakoa zilizobaki binti yangu amewavisha wanasesere.

Tuko watano: mimi, mke wangu, binti wa miaka 6, mdogo wa miezi 10 ambaye bado ananyonya, na mama yangu mwenye miaka 71, ana presha na sukari. Vyumba vya kulala viwili, sebule, choo kimoja. Kila orodha ninayosoma mtandaoni inaanza na "mtenge mgonjwa kwenye chumba chenye choo chake." Nikifika hapo nafunga simu.

Swali langu: mtu mwenye nyumba kama yangu aanzie wapi? Si kununua tu. Namaanisha, asubuhi mmoja wetu akiamka anaumwa na tangazo limeshatoka, tunafanya nini?

---

mpita_njia

Mkuu, anza na stoo. Wenye akili walijaza mapema 2020, wengine wakabaki kugombania karatasi za chooni. Mimi nina maji, nafaka, sabuni za miezi minne, na dozi tatu za antibiotiki nimezihifadhi pembeni. Siku ikifika sitoki.

---

nesi_mstaafu

Mpita_njia, hizo antibiotiki nitazirudia, usidhani nimezipita.

Mwanangu funguo_mbili, pole. Kipimajoto changu nilikikuta kwenye kopo la nyuzi za kushonea, kwa hiyo sina ubavu wa kumcheka mtu.

Nimekaa wodini miaka 31. Lakini hili ninalotaka kukwambia sikufundishwa wodini. Nilifundishwa nyumbani kwangu, 2021, mzee wangu alipoanza kukohoa. Kila kilichokuwa kwenye orodha tulikuwa nacho: barakoa, sabuni, vitakasa mikono, glovu boksi zima. Na ndani ya siku tisa tulikuwa wanne vitandani.

Unajua ilikuwaje? Mzee anapendwa. Binti alimpelekea maji. Kijana aliingia kumtengenezea redio. Mjukuu alichungulia mlangoni, "babu unaendeleaje," na mara ya pili namtazama yuko kitandani na babu yake, wanaangalia picha kwenye simu. Mimi mwenyewe, nesi mzima, nilimalizia maji yaliyobaki kwenye kikombe chake huku nikitoka, kwa mazoea tu ya ndoa. Nilishtuka nikiwa jikoni, kikombe kitupu mkononi.

Sabuni haikutukosa. Kilichotukosa ni kukubaliana nani anaingia na nani haingii. Kwa hiyo wewe anzia hapo, kabla ya duka: nani atauguza? Mtu mmoja, kwa jina, anayejua kwamba ni yeye. Kwa nyumba yako si mama yako, kwa umri wake na hayo maradhi yake. Na kama inawezekana, si mkeo, maana ananyonyesha. Umebaki wewe. Nasikitika.

La pili, nani analala wapi. Kaeni leo mkiwa wazima mkubaliane, si saa nane usiku mtu anatapika. Mgonjwa apewe chumba kidogo chenye dirisha, kitanda kivutwe karibu na dirisha, dirisha liwe wazi, mlango ufungwe. Wewe unahamia sebuleni. Mkeo, watoto na mama wanalala chumba kikubwa. Watabanana, ndiyo. Kubanana kwa wazima kuna nafuu kuliko kubanana na mgonjwa. Ila akiugua mama au mtoto, ramani yote inageuka, kwa hiyo pangeni pia "ikiwa ni mama" na "ikiwa ni mdogo." Huyo mdogo hutaweza kumtenga na mama yake. Hao wawili mnawahesabu kama mtu mmoja, wanaingia chumbani pamoja, na ananyonya kama kawaida.

La tatu ni kiti. Baada ya yale yaliyotukuta niliweka kiti nje ya mlango wa chumba cha mgonjwa. Kila kitu kinaishia kwenye kiti: maji, dawa, nguo, chaji ya simu. Anayeleta anaweka, anagonga, anaondoka. Anayeuguza ndiye anayechukua. Mjukuu wangu alikuwa haelewi kabisa "usimsogelee babu," lakini "mwisho kwenye kiti" alielewa siku ileile. Mtoto anataka kuona mpaka kwa macho.

Choo kimoja hakikwepeki. Mgonjwa aingie akiwa na barakoa. Akitoka, mfuniko ushuke kabla ya kuvuta maji, dirisha libaki wazi, na unayeuguza upitishe dawa ya klorini kwenye kitasa, bomba na sehemu ya kukalia. Taulo lake lisikae humo. Mswaki wake pia. Watu husahau mswaki.

Hiyo dawa ndiyo watu wanaichezea, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo. Soma chupa yako ya klorini uone nguvu yake. Kama ni asilimia 5, basi vijiko 4 vya chai kwenye lita moja ya maji baridi vinatosha kufutia meza, vitasa na sakafu. Penye matapishi, kinyesi au damu unahitaji kali zaidi: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Ondoa uchafu kwanza na usafishe kwa sabuni, ndipo upake dawa na uiache dakika 10. Ukimwaga klorini juu ya uchafu, uchafu unaila nguvu na wewe unajidanganya. Changanya ya kutosha leo, kesho changanya nyingine. Na hata chupa yenyewe ikikaa kwenye joto na mwanga inapungua nguvu, ndiyo maana mimi naandika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito.

Usiichanganye na kitu kingine chochote. Nimewahi kumpokea dada aliyemimina klorini na dawa ya kung'arishia choo yenye asidi kwenye ndoo moja, "ili iue zaidi," bafuni, mlango umefungwa. Ilitoka gesi. Alikuja anahema kama aliyekimbizwa, na yeye alikuwa mzima asubuhi ile. Siki pia ni asidi. Amonia nayo ni hatari vilevile.

Sasa mpita_njia na dozi zake tatu. Antibiotiki zinaua bakteria. Virusi vya mafua makali, vya surua, vya korona, havizijui. Na penye bakteria kweli, hiyo yako inaweza isiwe ndiyo inayotakiwa. Utaimeza, utajiona umejitibu, utachelewa siku tatu kwenda hospitali. Nimeona wengi waliochelewa kwa namna hiyo.

---

mpita_njia

Nimesikia, mama. Stoo naibakiza lakini.

---

nesi_mstaafu

Stoo baki nayo, sina ugomvi na nafaka.

---

funguo_mbili

Shikamoo mama nesi. Nimemsomea mke wangu yote hayo kwa sauti, amecheka kwenye "umebaki wewe. Nasikitika."

Swali la pili. Je, huu mpango ni uleule kwa ugonjwa wowote? Maana hatujui kitakuja nini.

---

nesi_mstaafu

Marahaba. Hapana, si uleule. Ukishasikia jina la ugonjwa, jiulize unapitia wapi, halafu ndiyo uamue ufanye lipi.

Wa hewa: dirisha, barakoa, umbali, kile kiti. Surua ni mtihani mkubwa, kirusi chake kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Huwezi kuikimbia kwa pazia. Kinachoifunga ni chanjo, kwa hiyo leo hii toa kadi za watoto uangalie. Dozi ya kwanza ya surua hutolewa miezi 9 au 12 kutegemea ratiba ya nchi, na kuna ya pili. Binti wa miaka 6 awe ameshamaliza zote mbili.

Wa maji na kinyesi, kama kipindupindu: hapo dirisha halikusaidii, kinachokusaidia ni sufuria na sabuni. Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima (milimani, juu ya mita 2,000, dakika tatu), yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba au bomba, mtu asichovye kikombe wala mkono. Dalili zinaweza kuanza ndani ya saa 12 mpaka siku 5, na kinachoua ni kukauka maji mwilini, tena kwa saa chache. Kwa hiyo pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ziwe ndani ya nyumba kabla. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Onja. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, anza upya. Yasilale zaidi ya saa 24. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu kikombe kila anapoharisha, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10, endelea taratibu. Na anayeharisha kama maji ya kuoshea mchele hasubiriwi nyumbani, mnampa maji hayo huku mko njiani.

Wa majimaji ya mwili, kama Ebola: huo hauuguzwi nyumbani. Nasema hivi mimi niliyekwambia uchague wa kuuguza. Katika ule mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 walifariki zaidi ya watu 11,000, na wengi waliambukizwa wakiuguza wapendwa wao au wakiosha miili yao. Hapo maandalizi ya nyumba ni namba ya simu ya huduma ya dharura ya afya iliyobandikwa ukutani, na moyo wa kutomgusa mtu unayempenda mpaka waje wenye vazi la kujikinga. Hilo la mwisho haliuzwi popote.

Na jambo moja la huyo mtoto wako mdogo. Jifunze kuhesabu pumzi akiwa mzima, amelala. Inua nguo, tazama tumbo, hesabu dakika nzima kwa saa, usikadirie. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50 kwa dakika au zaidi, anahema haraka mno. Kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka mitano ni 40. Ukiona hiyo, au kifua kubonyea anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea usiweze kumwamsha: unaondoka naye, hata kama ni saa tisa usiku.

---

wa_dirishani

Mimi nakaa dirisha la dawa, nitaongeza la upande wangu tu.

Mkuu, hatari kubwa ya nyumba yako inaweza isiwe huo ugonjwa mpya. Inaweza kuwa mama kuishiwa na dawa zake za presha na sukari wiki ambayo hakuna usafiri. 2020 niliona wazee wanakuja na pakiti tupu ya vidonge, wameshakaa siku kumi bila. Ongea na daktari wake awe na akiba, hata ya wiki tatu au nne mbele, na akiba hiyo izunguke: mpya inaingia nyuma, ya zamani inatumika kwanza. Usiifungie kabatini ikaharibika. Kama anatumia insulini, ulizeni mapema umeme ukikatika inahifadhiwaje. Na muulizeni daktari "siku za kuumwa" anafanya nini, kwa sababu homa huweza kupandisha sukari hata kama mtu hajala. Wengi huacha dawa siku hiyo kwa kudhani sukari itashuka.

Parasetamo: mtu mzima mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamo ndani. Watu wanameza mara mbili bila kujua. Ya mtoto inaendana na uzito, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, siyo kijiko cha jikoni. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa. Na kama kuna dengi eneo lenu, hata mtu mzima akae mbali na aspirini na ibuprofeni mpaka apimwe.

Halafu andika. Karatasi moja: jina la kila mtu, umri, uzito wa watoto, dawa na vipimo vyake, mzio, namba za simu. Mgonjwa akifika mapokezi na anayemleta analia, hiyo karatasi inaongea.

---

funguo_mbili

Wadau, nimerudi na mrejesho. Jumapili tumefanya mazoezi.

Mama alijitolea kuwa mgonjwa. Nilimkatalia, nikasema mgonjwa awe mke wangu, maana kwenye mpango wetu hiyo ndiyo hali ngumu zaidi. Mama akanuna kidogo, akakubali kuwa "mzima mwenye hatari." Tukaanza saa nne asubuhi.

Dakika ya tano: dirisha la chumba kidogo halifunguki. Tuliporudishia rangi nyumba, rangi iligandisha fremu. Miaka miwili yote nimekaa humu sijui kwamba chumba hakina hewa. Nimelikwangua kwa kisu mpaka saa tano, likafunguka kwa kishindo, vumbi likamwangukia "mgonjwa."

Kiti kimefanya kazi, mama nesi. Binti alikaa mbele yake kama askari, kila anayepita anaambiwa "mwisho kwenye kiti." Lakini mdogo alipolia njaa ndipo tulipoona shimo. Mke wangu ni "mgonjwa," na mtoto ananyonya, na wewe ulishasema hao ni mtu mmoja. Tulikuwa tumeandika hivyo kwenye karatasi na bado wote tulisimama tukitazamana. Mwishowe nimempeleka, kaingia, na mlango ukafungwa na wawili ndani. Kilichonishinda si mpango, ni ule mlango kufungwa.

Maji ya chumvi na sukari nimechanganya mimi. Mke wangu kaonja, katema. Nilitumia kijiko cha chakula badala ya cha chai. Sasa kijiko cha chai kimefungwa kwa uzi kwenye kopo la ORS, hakitoki hapo.

Kadi za chanjo: ya binti imekamilika. Ya mdogo, surua tulipitiliza kwa wiki tano, tulisafiri tukasahau. Alhamisi anapelekwa.

Pumzi nimehesabu usiku, amelala. 34. Nikahesabu tena kwa sababu sikuamini kama nimehesabu sawa. 35. Mke wangu akaniuliza gizani nafanya nini nimeshika saa.

Kipimajoto kipya kipo. Betri nimeitoa, imebandikwa pembeni yake kwa gundi ya karatasi.

Ila tulipokuwa tunakusanya vitu mama akauliza, akiwa anakunja shuka wala haniangalii: "Na wewe ukiumwa?" Nikakosa la kujibu. Karatasi nzima jina ni langu.

---

nesi_mstaafu

Mama yako angefaa kuwa matroni.

Hongera kwa dirisha. Wiki tano si mwisho wa dunia, mpeleke tu hiyo Alhamisi.

Jina la pili linahitajika, tena la mtu wa nje ya nyumba, mzima, asiye na mtoto mchanga wala mzee nyumbani kwake. Mpigie sasa, usimwambie siku yenyewe. Mwambie waziwazi kwamba ni kuja kulala sebuleni siku kumi na kuvaa barakoa. Akisitasita, mshukuru, tafuta mwingine. Anayesitasita leo hatapokea simu siku hiyo.

---

funguo_mbili

Nimempigia mdogo wangu wa kiume, hana familia bado. Amekaa kimya, nikajua ndiyo kusitasita kwenyewe. Kumbe alikuwa anatafuta kalamu. Amekubali, ana masharti mawili: aonyeshwe mapema namna ya kuvua glovu, na kiti cha mlangoni kisiwe kile chenye mguu mbovu, maana ndicho kilichomwangusha alipokuja mara ya mwisho.

Nimekibadilisha.